Stesheni Mbili za Ramani Moja

Wakisema stesheni yetu ya Berekhalom imerudishwa kama ilivyokuwa, mimi huwauliza: ilivyokuwa kwa nani? Wengi hucheka kidogo wakidhani bibi kizee anatania. Sitanii hata kidogo. Nimeishi juu ya stesheni ile miaka arobaini, dirisha la jikoni kwangu likitazama reli, na nikifumba macho hadi leo naweza kukuonyesha msumari gani ulikuwa umelegea.

Mume wangu anaitwa Vendel. Alikuwa mkuu wa stesheni pale, mvaa kofia nyekundu, na mji mzima ulimwita Masta, hata mapadri na watu wa benki. Mimi naitwa Etelka. Yeye aliniita Etus, na hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Reli ilifika kwetu enzi za babu yangu. Zama hizo wakubwa wa mji mkuu hawakuhangaika kuchora kila stesheni upya. Walikuwa na ramani chache mezani: ya kijiji, ya mji mdogo, ya mji mkubwa. Sisi tulipewa ya mji mdogo. Katikati ghorofa moja juu, pembeni vyumba vya chini kulia na kushoto, matofali mekundu yakizunguka madirisha, mbao za kuchongwa chini ya paa upande wa jukwaa, na mstari wa miti ya kivuli, michestnati. Vyumba vya kungojea vilikuwa viwili, kimoja cha wenye kofia na kingine cha wenye mabata bukini. Ghorofani alikaa mkuu wa stesheni na familia yake, ili asiwe na kisingizio cha kuchelewa kazini.

Sasa, stesheni inayofuata ni Sárkút. Pale palikuwa na baa moja na matope. Lakini bwana mwenye mashamba ya huko alikataa kata kata kutoa ardhi yake ipite reli mpaka aahidiwe stesheni isiyopungua ya Berekhalom hata tofali moja. Wakamjengea. Ramani ileile, mkandarasi yuleyule, hata seremala yuleyule na kosa lake lilelile: kwenye ngazi, kipandio cha tatu kutoka juu kimeinuka kuliko vingine, na kila mgeni alijikwaa hapo. Yule bwana akafa akiusubiri mji uje uikute stesheni yake. Mji haukuja. Likabaki jumba zima limesimama peke yake katikati ya mahindi, na watu wa kwetu wakawa wanawatania wa Sárkút kwamba wana koti la harusi lakini hawana suruali.

Hata mabadiliko walituiga. Upepo wa nyanda zetu wakati wa baridi hauna adabu, kwa hiyo Vendel na wenzake walizungushia baraza la jukwaani vioo vya madirisha ya zamani. Mwaka uliofuata Sárkút nao wakazungushia. Sisi tulipopakwa rangi ya njano ya haradali, Sárkút walipakwa kutoka pipa hilohilo. Nilipopanda mzabibu ukutani, mke wa mkuu wa Sárkút alikuja na kikapu akaniomba kijiti. Nilimpa kwa roho nyeupe, maana nilimpenda yule mama, ingawa alipika vibaya.

Kazi ya reli ina sharti moja lisilovunjwa. Treni haiondoki stesheni moja mpaka stesheni inayofuata ikubali kuipokea. Vendel alikuwa ananyanyua simu, anauliza: "Njia iko wazi?" Na mwenzake wa Sárkút anajibu: "Njia iko wazi." Basi, hapo ndipo anapotoka nje na kofia yake nyekundu kuruhusu treni.

Mwanaume huyu aliuleta mtindo huo mpaka kwenye ndoa. Kila adhuhuri, treni ya mchana ikishaondoka, alisimama chini ya dirisha la jikoni, akavua kofia, akapaza sauti mbele ya abiria na kuku:

"Etus! Njia iko wazi?"

Nami nachungulia na mwiko mkononi. "Njia iko wazi. Supu iko mezani."

Ndipo anapanda. Hakupanda hata siku moja bila kuuliza. Na kama tumegombana, simjibu. Anakaa kwenye benchi chini ya dirisha, kofia magotini, anangoja, na mji mzima unajua Masta amefungiwa njia. Wapita njia wanamcheka: "Leo vipi, Masta, kuna ajali mbele?" Yeye anajibu kwa adabu zote kwamba njia inakaguliwa. Mwishowe nacheka mwenyewe, nafungua dirisha. Ndoa yetu ilikwenda hivyo, na mimi nilikuwa na raha, nisiseme uongo.

Akastaafu. Tukaruhusiwa kubaki ghorofani, maana treni zilikuwa zimepungua na hakuna aliyezitaka ngazi zile. Halafu akaanza kusahau. Kwanza miwani, halafu kama ameshakula, halafu watu. Katika hali hiyo ndipo uamuzi ulipokuja kwamba stesheni yetu ni jengo la historia na litakarabatiwa, hivyo tuhame. Tukahamia mji mkubwa kwa binti yetu Borka, ghorofa ya nne, dirisha linatazama dirisha la jirani.

Kila alasiri Vendel alivaa koti lake akasimama mlangoni.

"Etus, twende nyumbani. Treni itakuja na mimi sipo."

"Tutakwenda, mzee wangu. Wanapaka rangi."

"Bado tu wanapaka?"

"Bado."

"Wavivu hao," anasema, na anavua koti. Kesho yake tena.

Borka ni muuguzi. Ana mikono ya kazi na hana muda wa kuzungusha maneno. Kiangazi kile alinikalisha jikoni akaniambia amepata nafasi ya baba yake katika nyumba ya wazee, kuanzia mwezi wa kumi.

"Mama, wewe mwenyewe unatembea kwa kushika ukuta. Juzi usiku ametoka nje, wewe umelala. Mimi nina zamu. Unataka tumwokote barabarani?"

"Ngoja kwanza stesheni ifunguliwe."

"Ikifunguliwa itakuwaje? Atapona?"

"Sijasema atapona."

Nilijua hatapona. Nilichotaka kilikuwa kidogo, na nilikitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka: afike nyumbani mara moja tu, akiwa bado ananijua. Jina la Borka lilikuwa limeshamtoka; alimwita "yule dada wa dawa", na binti yangu alikuwa akienda kulia bafuni amefungulia maji tusimsikie. Langu lilikuwa bado lipo. Kila asubuhi alifungua macho, akanitazama, akasema "Etus," nami nikavuta pumzi. Niliogopa kila asubuhi.

Msanifu aliyesimamia ukarabati aliitwa Hajnalka. Kijana, mwembamba, mwenye vumbi la lipu kwenye nywele, na mwenye heshima zake. Alikuja kwa Borka mara nyingi na keki mkononi kuniuliza hiki kilikuwa wapi na kile kilikuwaje. Nilimpenda, na nilimgombeza kila mara.

"Mama Etelka, tumekwangua rangi. Chini ya ile njano kuna tabaka saba! Na chini kabisa ni tofali tupu, jekundu, zuri ajabu. Hakukuwa na rangi kabisa mwanzoni."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunarudisha tofali."

"Na vioo vya barazani?"

Akainamisha macho kwenye kikombe. "Havikuwepo kwenye ramani, mama."

"Upepo pia haukuwepo kwenye ramani. Na mzabibu wangu?"

"Mizizi yake imeingia kwenye msingi."

"Miaka yote hiyo msingi haukulalamika."

"Jengo lina miaka mia na thelathini, mama. Tunajaribu kuwa waaminifu kwa wote waliolijenga."

"Walioijenga wako makaburini, mwanangu. Mwenye kuililia yuko chumba cha pili, amevaa koti."

Alinimiminia chai nyingine, na aliporudi wiki iliyofuata aliniletea kitu kimefungwa kwenye gazeti: kishikio cha shaba cha dirisha la jikoni kwangu. Alisema vishikio vya asili vilikuwa vya chuma. Ninacho mpaka leo kwenye droo ya vijiko.

Siku ya uzinduzi ilikuwa ya mwezi wa tisa, siku ya jua, harufu ya plamu zinazochemshwa jamu kila ua. Mji mzima ulinata. Borka alituleta kwa gari, akatushusha, akakimbilia zamu. Tulikubaliana tutarudi kwa treni ya alasiri, maana Vendel nilikuwa nimemwahidi treni. Nilimvika koti la sare nililolipiga pasi mara mbili na kofia nyekundu. Kikapuni niliweka mkate, soseji na chupa ya chai. Njia nzima nilimshika mkono, nikamwambia: "Leo ndiyo leo, Vendel. Wamemaliza kupaka." Alitabasamu mpaka masikio yakasogea.

Tukazunguka kona ya posta.

Sitasema ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililonikata maini. Tofali jekundu kama limeokwa asubuhi ile, mbao za kuchongwa nyeupe, baraza wazi kabisa, saa imehamishiwa juu ya mlango ambako sijawahi kuiona. Michestnati iliyooza ilikuwa imekatwa na mahali pake miche yenye unene wa kidole imefungwa kwenye fito. Bendi ya zimamoto ilikuwa inapiga. Nilikuwa natafuta dirisha langu, na ilinibidi nihesabu kutoka pembeni ili nilijue.

Vendel alisimama. Alilitazama jengo toka chini mpaka juu, taratibu, mikono nyuma, kama alivyokuwa akifanya wakubwa walipompeleka kukagua stesheni za wengine.

"Jengo zuri," akasema. "La nani?"

"Letu, Vendel. Berekhalom."

Akacheka. "Acha utani, mama."

Watu walikuja kumsalimia. "Shikamoo, Masta! Umeonaje?" Aliwajibu wote, akawapa mkono, akawapongeza kwa jengo lao. Wapo waliodhani anafanya mzaha, maana alikuwa mtu wa mizaha. Mimi nilimwongoza mpaka ghorofani, nikiwa bado na imani kwamba jikoni patamkumbusha. Ngazi zilikuwa mpya, vipandio vyote sawasawa. Mguu wangu ulinyanyuka juu bure pale pa tatu kutoka juu nikapepesuka, yeye akanidaka.

Jikoni kwangu sasa ni chumba cha maonyesho. Palipokuwa na jiko langu pana kabati la vioo lenye tiketi za zamani, na kando yake limesimama sanamu la mkuu wa stesheni wa enzi zile, na masharubu na vifungo vya dhahabu. Nilishamwambia Hajnalka kwamba bwana huyo hata chumvi ilipo hajui. Vendel alipoliona sanamu alijinyoosha, akapiga saluti, akavua kofia.

"Samahani, mwenzangu," akaliambia. "Treni ya kwenda Berekhalom inaondoka saa ngapi?"

Watu waliokuwa chumbani walicheka, si kwa ubaya. Halafu wakaona halijibu na yeye bado anangoja, kofia mkononi, na kicheko kikafa. Hajnalka alikuwa mlangoni. Alijifunika mdomo kwa makaratasi yake.

"Mama Etelka," akaninong'oneza, "nilidhani atafurahi. Wallahi nilidhani nampa zawadi."

"Najua, mwanangu."

"Nifanye nini?"

"Hakuna. Kaa na wageni wako." Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo.

Vendel alinigeukia. Uso wake ulikuwa na wasiwasi sasa. "Etus, hapa hawajui kitu. Twende zetu nyumbani, watatungoja."

Basi tukashuka. Tuliketi kwenye benchi mpya lenye mbao zinazonuka vanishi mpaka treni ikaja. Hakunung'unika hata mara moja. Alinimegea mkate akaniambia nile, nimekonda. Nilikula huku machozi yakiingia mdomoni. Mwezi wa kumi ulikuwa mbele yangu na sikuwa tena na kitu cha kumwambia Borka aningojee.

Kondakta wa treni ile ni Ottó, ambaye Vendel ndiye aliyemfundisha kazi. Alitukalisha karibu na mlango. "Shikamoo, mama. Shikamoo, Masta. Mmeona mji ulivyopendeza?" Alinitazama usoni, akaacha kuuliza.

"Tunakwenda nyumbani?" Vendel akaniuliza.

"Tunakwenda," nikasema. Nilimaanisha ghorofa ya nne kwa Borka. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu.

Mahindi yalipita dirishani, kisha treni ikapunguza mwendo. Siku hizi Sárkút hakuna mtu. Stesheni ilifungwa miaka mingi iliyopita, milango ikapigiwa mbao, na kibao cha jina kimeibwa na wauza vyuma. Lakini treni bado husimama dakika moja kwa ajili ya watu wa mashambani. Mimi nilikuwa natafuta leso kwenye kikapu. Niliposikia mkono wake unatoka kwenye mkono wangu, nikainua kichwa.

Vendel alikuwa amesimama wima. Nje ya dirisha palikuwa na ukuta wa njano ya haradali, umebanduka vipande vipande. Baraza lenye vioo, nusu yake vimevunjwa. Michestnati mikubwa mizee imesimama mstari. Na mzabibu, kijiti changu mwenyewe, umeparamia mpaka paani na kufunika dirisha moja, zabibu nyeusi zikining'inia bila mchumaji.

"Tumefika," akasema. "Etus, chukua kikapu."

"Vendel, hii ni Sárkút."

"Sárkút iko mbele."

"Kaa chini, mpenzi. Bado hatujafika. Tazama, milango imepigiliwa."

Hakunisikia. Alikuwa anavaa kofia, anaipima kwa vidole viwili juu ya nyusi kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, na uso wake ulikuwa umerudi. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Uso ambao sikuwa nimeuona miaka mitatu ulikuwa umerudi mahali pake.

Ottó alikuwa ameshika mlango. "Mama, inayofuata ni baada ya masaa mawili. Na ndani mle pameoza. Nifunge?"

Ningesema ndiyo, angefunga, na tungefika kwa Borka salama. Vendel angelia njia nzima, au angesahau kabla ya stesheni ya pili.

"Tunashuka," nikasema.

Jukwaani alitembea bila kunishika. Aliokota chupa tupu akaiweka pembeni. Akagonga shina la mchestnati wa kwanza kwa kiganja, desturi yake. Akageuka kuikabili treni, visigino pamoja, akapiga saluti, na Ottó, Mungu ambariki, akaning'inia mlangoni akaijibu saluti ile kikamilifu. Treni ikaondoka. Likabaki jumba na mahindi na sisi wawili, na mimi nilikuwa nafurahi. Nakwambia ukweli, kwa muda ule mfupi nilikuwa na furaha kamili. Nilifikiri: amefika nyumbani, na mimi niko naye. Sikujali nyumba ilikuwa ya nani.

Nikamfuata mpaka chini ya dirisha la jikoni, lile la ghorofani, la pili kutoka kona. Nikamshika mkono tena. Aliutoa kwa upole.

"Asante sana, bibi," akasema. "Mimi nimeshafika."

Nilidhani ni mzaha wake. Alivua kofia, akainua kichwa.

"Etus! Njia iko wazi?"

"Nipo hapa, Vendel," nikasema.

Alinitazama kwa adabu, kama alivyomtazama abiria aliyepotelewa na mzigo. "Samahani, bibi. Namwita mke wangu." Akapaza tena. "Etus! Njia iko wazi?"

"Vendel, mimi ndiye Etus. Nitazame. Mimi hapa."

Akanitazama kweli, nywele nyeupe, kikapu, soksi zilizoteremka. Nikaona anavyojaribu kuwa mpole. "Mke wangu ana jina hilohilo," akasema. "Yuko juu, anapika." Na akaita mara ya tatu, na safari hii sauti ilimkatika mwishoni. Kunguru waliruka kutoka paani. Hakuna aliyejibu.

"Amekasirika," akaniambia, kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya nyumba yake. "Akikasirika haitiki. Si kitu. Nitangoja."

Akakaa kwenye benchi bovu chini ya dirisha, kofia magotini. Nilijua namna ile ya kukaa. Angengoja mpaka giza, mpaka theluji. Nilikuwa nimesimama mbele yake, hatua moja tu, na hakukuwa na njia ya kumfikia kutoka pale nilipokuwa.

Mlango wa ua ulikuwa umevunjwa na wezi wa nyaya. Niliweka kikapu chini nikaingia. Ndani palinuka popo na lipu yenye unyevu. Sikuhitaji kupapasa, chumba cha kungojea kushoto, ofisi kulia, ngazi nyuma ya mlango mwembamba, yote mahali pake. Nilipanda upande wa ukutani ambako mbao huchelewa kuoza, nimeshika ukuta kwa mikono miwili, nikimlaani seremala, yule bwana wa mashamba, na miguu yangu. Karibu na juu mguu ukanyanyuka wenyewe, juu zaidi, na kipandio kilikuwepo kuupokea.

Jikoni hapakuwa na jiko, wala meza, wala sakafu sehemu ya katikati. Nilipita pembeni. Mzabibu ulikuwa umeingia ndani na kutambaa juu ya ukuta. Dirisha lilikuwa limevimba likagoma, nikavua kiatu nikaligonga kwa kisigino mpaka likafunguka kwa kishindo na majani yakamwagika chini.

Aliinuka kwenye benchi. Alinyanyua uso. Kutoka juu vile, jua likiwa nyuma ya jumba, sijui aliona nini dirishani. Labda kivuli tu chenye mkono.

"Etus?"

Nilijifuta uso kwa mkono. Nikatafuta sauti yangu ya zamani, ile ya mwiko na hasira za uongo.

"Nani anayepiga kelele chini ya dirisha langu?"

"Ni mimi!" Alicheka kwa sauti, mwanaume mzima, kofia kifuani. "Njia iko wazi?"

"Iko wazi, Vendel. Njia iko wazi. Supu iko mezani."

Alipiga hatua kuelekea mlangoni, halafu akasita. Akageuka akatazama mahali nilipokuwa nimesimama, kikapu kilipobaki peke yake juu ya saruji, akatazama kulia na kushoto. Kisha akarudi chini ya dirisha akashusha sauti, kama alivyofanya siku zote alipotaka kuniletea mgeni bila taarifa.

"Etus, ongeza sahani. Kuna bibi mmoja nimekuja naye. Amenishika mkono njia nzima, maskini, sijui ni wa nani. Tusimwache nje."

"Mlete," nikamwambia. "Sahani ipo."